Tumbo Likiongezeka, Upendo Usipungue



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulibeba kimya kimya. Ni habari ya ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi (VVU), wanaomeza dawa zao vizuri, wana nguvu za kufanya kazi na kulea watoto, lakini wanaona miili yao ikibadilika umbo. Tumbo linatokeza mbele. Kwa wengine mikono na miguu inakuwa myembamba. Nguo za mwaka jana hazifungi tena. Pamoja na tumbo huja aibu, na aibu ikiingia chumbani mwa mume na mke huila ndoa polepole, kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba.

Neno ninaloomba mlishike katika somo hili ni moja: tumbo hili linawahusu nyinyi wawili. Mkilibeba pamoja, litatibiwa kadiri inavyowezekana, na ndoa itabaki salama. Mwenye kuugua akiachwa alibebe peke yake, anaweza kufika mahali pa kuacha dawa, na hapo maisha yenyewe yanakuwa hatarini.

Mimi ni katekista, si daktari. Mambo ya utabibu nitakayoeleza yanajulikana na wahudumu wa kliniki zetu. Nendeni kwao wawaeleze kulingana na hali yenu.

TUMBO HILI LINATOKA WAPI?

Tumbo huongezeka kwa mafuta ya namna mbili. Yapo mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole. Yapo pia mafuta ya ndani, yanayojaa katikati ya matumbo na kuzunguka ini na viungo vingine. Mwenye mafuta mengi ya ndani, tumbo lake huwa gumu na la duara hata kama mikono yake ni myembamba. Mafuta haya ya ndani ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa maana huandamana na kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Wengine huota pia nundu ya mafuta nyuma ya shingo, au matiti yakaongezeka ukubwa.

Sababu zake ni nyingi. Wale wa umri wa makamo wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1980 na 1990 kukonda ndiko kulikoogopwa. Mtu akikonda, majirani walinong'onezana. Baadaye dawa zikapatikana, na tangu mwaka 2006 zikatolewa bure katika hospitali za serikali. Watu waliokuwa wamekata tamaa wakainuka vitandani na kurudi shambani. Lakini dawa moja iliyotumika sana wakati ule, iitwayo stavudini, iliyeyusha mafuta ya mashavu, mikono, miguu na makalio. Uso ukabonyea, miguu ikawa kama fimbo, na tumbo likaonekana limezidi. Wapo waliovaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, ili wasitambuliwe barabarani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane na stavudini kwa sababu ya madhara hayo, na Kenya ikaiondoa hatua kwa hatua.

Siku hizi wagonjwa wengi nchini wanatumia mchanganyiko wenye dawa iitwayo dolutegraviri, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2017. Ni dawa yenye nguvu dhidi ya virusi, humezwa mara moja kwa siku, na haibonyezi uso kama ile ya zamani. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wengi wanaoitumia huongezeka uzito, na wanawake huongezeka kuliko wanaume. Sehemu ya uzito huo ni afya inayorudi kwa mtu aliyekuwa amedhoofika. Sehemu nyingine huzidi kipimo na kukaa tumboni.

Tena kuna virusi vyenyewe, ambavyo huvuruga jinsi mwili unavyohifadhi mafuta. Kuna umri, hasa kwa mama ambaye siku zake zimekoma. Kuna damu ya ukoo, kuna chakula, na kuna kukaa kitako mchana kutwa. Kwa hiyo, baba, usiseme kwamba mkeo ni mlafi. Na wewe mama, usiseme kwamba mumeo ameshiba fedha asizokuonyesha. Watu wawili wanaweza kula sahani moja ya ugali na sukuma wiki, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe.

Jambo moja la tahadhari. Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Linaweza kuwa mimba, uvimbe katika kizazi, au maji yanayojaa kwa sababu ya ugonjwa wa ini. Tumbo likivimba kwa haraka, likiuma, miguu ikivimba au macho yakiwa ya manjano, msingoje siku ya kliniki. Nendeni hospitali mara moja.

AIBU INAVYOFANYA KAZI YAKE

Chukua mfano wa mke mmoja katika jumuiya ndogo ndogo. Ametumia dawa kwa miaka kadhaa na afya yake ni nzuri. Jumapili moja baada ya Misa, mama mwenzake anampapasa tumbo akicheka, "Hongera! Mgeni anakuja lini?" Yeye anatabasamu tu. Akifika nyumbani anajaribu sare yake ya Chama cha Wanawake Wakatoliki, haifungi. Anaogopa kuipeleka kwa fundi aipanue, kwa maana fundi naye atauliza. Wiki inayofuata hahudhurii chama. Wiki nyingine haendi jumuiya. Usiku anazima taa kabla ya kuvua nguo, na mumewe akimgusa kiunoni anausukuma mkono.

Mume naye hajui kinachoendelea. Anadhani amechukiwa. Siku moja, akitaka kuleta mzaha, anasema mbele ya watoto, "Huyu mama yenu siku hizi anatangulizwa na tumbo." Watoto wanacheka. Mama anacheka pia, lakini usiku ule hamezi dawa. Amesikia kwa mtu kwamba dawa ndizo zinazoleta tumbo. Anaanza kuruka siku moja moja, halafu wiki nzima.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa zikiachwa, virusi huongezeka tena katika damu. Kinga ya mwili hushuka, na magonjwa kama kifua kikuu hupata mlango. Virusi vinaweza pia kuwa sugu, hata dawa iliyokuwa ikifanya kazi isifanye tena. Na tumbo? Tumbo halitaondoka kwa kuacha dawa namna hiyo. Mtu atakuwa na tumbo lile lile, na ugonjwa juu yake.

Wanaume nao hawako nje ya jambo hili. Kwetu kitambi cha mwanamume huheshimiwa, watu husema mzee amefanikiwa. Lakini mwanamume ambaye mashavu yake yamebonyea na miguu imekonda huku tumbo limetoka, yeye anajua kwamba umbo lake linasimulia habari zake. Huacha kwenda kuoga mtoni na wenzake, huacha kucheza mpira na vijana wake, na pengine hutafuta faraja katika chupa. Mwanamume hulia kwa ndani. Mke mwenye hekima husikia kilio hicho.

Zijueni dalili: kukwepa kioo, kuoga gizani, kukataa kupigwa picha, kujitenga na watu, kukwepa tendo la ndoa bila sababu ya wazi, vidonge kubaki vingi katika kopo siku ya kurudi kliniki. Huzuni ikizidi majuma mawili, usingizi ukipotea na chakula kikikosa ladha, mshauri nasaha wa kliniki aelezwe. Mwenzako akitamka kwamba afadhali afe, usimwache peke yake, na msaada utafutwe siku ile ile.

MATIBABU YALIYOPO

Nendeni kliniki wawili. Kabla ya kwenda, chukueni futi ya fundi wa nguo na kupima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi. Kwa mwanamke, kikizidi sentimita 88, na kwa mwanamume sentimita 102, hatari ya magonjwa niliyoyataja imeongezeka sana. Andikeni kipimo hicho na tarehe yake. Muulizeni daktari kama inafaa kupima sukari, mafuta katika damu na shinikizo la damu.

Juu ya kubadilisha dawa. Aliyebonyea uso na miguu kwa stavudini, au kwa zidovudini ambayo huweza kuleta madhara ya namna hiyo, husaidiwa na kuhamishiwa dawa nyingine, ingawa mafuta hurudi polepole sana na pengine si yote. Kwa tumbo lililojaa, kubadilisha dawa mara nyingi hakuliondoi. Daktari ndiye atakayepima faida na hasara. Mgonjwa asijibadilishie wala kupokea vidonge vya jirani.

Juu ya upasuaji. Kuna namna ya kunyonya mafuta kwa mrija. Inaweza kupunguza nundu ya shingoni, ingawa nundu huweza kurudi. Mafuta ya ndani ya tumbo haiyafikii. Yeyote atakayekuuzia upasuaji huo kama dawa ya tumbo gumu la ndani atakupotezea fedha.

Juu ya sindano. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo tesamorelini kwa ajili ya tumbo hili hasa, kwa watu wenye VVU. Hudungwa kila siku chini ya ngozi ya tumbo. Katika majaribio, mafuta ya ndani yalipungua kwa kama asilimia 15 katika miezi sita. Lakini ikiachwa, mafuta hurudi, na bei yake ni kubwa sana kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa pia matokeo mema ya semaglutaidi, dawa inayojulikana katika kutibu kisukari na unene, kwa watu wenye VVU na tumbo la namna hii. Nazitaja ili mkisikia habari zake mjue ni nini, wala msizinunue kwa wachuuzi. Dawa hizi zinahitaji daktari anayekufuatilia.

Juu ya majani na chai za kupunguza tumbo. Jihadharini. Nyingine huharisha tu, na mtu akaona amepungua kumbe amepoteza maji. Nyingine huweza kuvuruga kazi ya dawa zako. Hata vidonge vya kawaida vya madini ya chuma au vya kutuliza kiungulia vinaweza kuzuia dolutegraviri isiingie vizuri mwilini vikimezwa wakati mmoja nayo bila mpango. Na metifomini, dawa ya kisukari, kipimo chake huangaliwa kwa makini ikitumiwa pamoja na dolutegraviri. Kwa hiyo, popote unapotibiwa, taja dawa zote unazomeza.

Ni nini basi kilicho karibu nasi, kisicho na gharama kubwa? Ni chakula na kazi ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano. Kuongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa juma, kama kuinua debe la maji au kuchutama na kusimama, husaidia misuli ya miguu iliyokonda. Mafuta ya ndani hupungua kwa mazoezi hata pale uzito kwenye mizani haujashuka sana. Msitazamie muujiza kwa mwezi mmoja. Pimeni kiuno kila baada ya miezi mitatu.

KAZI YA MUME NA MKE NYUMBANI

Kwanza, ulimi. Mzaha juu ya mwili wa mwenzako ukome leo, hasa mbele ya watoto na wakwe. Jeraha la ulimi halifungwi bendeji. Badala yake, sema lile unalolipenda kwake, na useme kweli. Usimwambie hajabadilika, kwa maana anajua amebadilika na atakuona mwongo. Mwambie, "Mama watoto, naona mwili umebadilika. Mimi ni wako. Twende kliniki tuulize." Au, "Baba watoto, nguo hizi zinakubana, tupeleke kwa fundi. Nikikuona unatembea nashukuru Mungu." Nguo inayomtosha mtu humpunguzia aibu zaidi ya hotuba ndefu.

Pili, jiko. Msimpikie mgonjwa chakula chake kando, kana kwamba anaadhibiwa. Nyumba nzima ile vizuri. Punguzeni sukari katika chai, soda na mandazi ya kila asubuhi, na mafuta mnayomimina katika sufuria. Ongezeni mboga za majani, maharagwe, ndengu, omena na matunda ya msimu. Tonge la ugali lipungue kidogo, mboga iongezeke. Mtu asijinyime chakula hata akadhoofika, kwa maana mwenye VVU anahitaji chakula bora.

Tatu, tembeeni pamoja. Baba anayempeleka mkewe Misani kwa miguu, au mama anayemsindikiza mumewe jioni hadi sokoni, wamefanya mazoezi na wamepata nafasi ya kuzungumza bila masikio ya watoto.

Nne, chumba chenu. Mguse mwenzako kwa upole, pamoja na mahali pale anapopaonea haya, lakini kwa ridhaa yake. Msimlazimishe mtu kuwasha taa. Imani hurudi taratibu. Na kwa wale ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, iko habari njema. Uchunguzi uliohusisha jozi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2016: pale virusi vilipokuwa vimedhibitiwa kabisa katika damu kwa dawa, hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Leo waganga wanakubaliana kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani katika vipimo, na anaendelea na dawa bila kuruka, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mwulizeni daktari kipimo chenu kinasemaje. Ona basi: kidonge kile kinacholaumiwa kwa tumbo ndicho kinachomlinda mume au mke.

Tano, siri. Habari za dawa za mwenzako ni zake. Usizipeleke kwa dada zako wala kwa jumuiya bila ruhusa yake. Nanyi wengine wa jumuiya, acheni kuuliza mama yeyote kama ana mimba. Akiwa nayo na akitaka mjue, atawaambia.

IMANI YETU INATUFUNDISHA NINI?

Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alimtazama mwana mrefu mwenye sura nzuri akadhani ndiye. Mungu akamrekebisha: binadamu hutazama yaonekanayo, Yeye hutazama moyo (1 Samweli 16:7). Mtume Paulo anawafundisha waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe, wakiilisha na kuitunza (Waefeso 5:28-29). Hakuweka sharti kwamba mwili huo ubaki kama ulivyokuwa siku ya harusi. Siku ile mbele ya padre mliahidiana kwa nyakati za afya na za maradhi pia.

Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga na kutodharau dawa, kwa kuwa vyote viwili ni kazi ya Mungu. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba kumeza dawa ni kupungukiwa na imani, au kwamba maombi yamemponya akazitupe. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti, alianzisha makao ya Nyumbani huko Nairobi kwa ajili ya watoto yatima wenye VVU. Miaka ya kwanza yalikuwa makao ya kuzika watoto. Dawa zilipopatikana, watoto wakakua wakawa watu wazima. Kanisa liliomba na likatafuta dawa. Lilifanya yote mawili.

Tena mjue kwamba mwenye huzuni na maradhi mazito anaweza kumwomba padre Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Haiwahusu wanaokata roho pekee.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA WAWILI

Jioni moja, watoto wakilala, keti chini mjibizane kwa upole. Mmoja akisema, mwingine asikilize bila kumkatiza.

1. Je, kuna neno nililowahi kusema juu ya mwili wako likakuumiza?
2. Ni kitu gani katika mwili wako unachokionea haya, nami ningekusaidiaje?
3. Je, umewahi kuruka dawa kwa sababu ya umbo lako? Tufanye nini isitokee tena?
4. Lini tutakwenda kliniki pamoja, na tutamwuliza daktari maswali gani?
5. Ni saa ngapi tutatembea pamoja juma hili?

Mkimaliza, mshikane mikono na kusali: Ee Bwana, uliyetuunganisha, utufundishe kuitunza miili uliyotupa. Uondoe aibu nyumbani mwetu, uyaongoze maneno yetu, uwabariki wanaotutibu, nasi tudumu katika dawa, katika upendo na katika imani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, mpelekee mwenzako kidonge chake na gilasi ya maji.